Nguo za Uani

Njiti ilikwaruza kiberiti gizani, ikakwaruza tena, kisha ikakatika. Upande wa pili wa pazia Bibi aliguna.

"Kimelowa tena, mama?" Mama Chiriku alinong'ona, asimwamshe mtoto.

"Kimelowa lini, wakati hakijawahi kukauka?" Bibi alipapasa kifuani, akatoa kiberiti kingine alichokuwa amekiatamia usiku kucha kama kuku na yai lake, na safari hii moto ukashika. Mwanga wa koroboi ukapanda ukutani, ukamulika ukungu wa kijani uliotambaa kutoka sakafuni hadi usawa wa kichwa cha mtu aliyelala.

Kilikuwa chumba kimoja kilichokatwa kwa pazia. Upande wa mlango walilala mtunza bustani na mkewe. Upande wa ukuta alilala Bibi, mama yake mtunza bustani, pamoja na mjukuu wake wa miaka mitano, kitanda kimoja cha chuma, shuka moja la bluu. Mtoto walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Hata usingizini alisema. Lakini tangu mvua zianze, usingizini alikuwa akikohoa zaidi kuliko kusema.

Chumba hicho ndicho pekee kilichosimama kati ya vyumba sita vya watumishi vilivyojengwa nyuma ya Jumba la Gavana. Gavana alikwisha kwenda zake, bendera yake ikakunjwa, jumba likafanywa makumbusho, watu wakawa wanakuja kutazama vitanda vyake, vijiko vyake, na sanamu yake ya shaba pale mlangoni, kichwa na mabega tu. Vyumba vya nyuma havikutajwa katika hotuba yoyote. Vitano vilianguka polepole bila mtu kuuliza. Katika hiki cha sita alizaliwa Bibi, binti wa mpishi wa gavana. Humo humo aliolewa na mtunza bustani wa kwanza wa makumbusho, humo akamzaa huyu wa pili. Hakikuwa chao kwa karatasi. Kilikuwa chao kwa kuwamo.

"Mama Chiriku," mumewe alisema huku akitafuta viatu kwa miguu. "Leo Mkuu ana wageni. Kamba."

"Nguo hazijakauka, baba Chiriku."

"Zikaukie ndani. Unataka nimwage unga kwa ajili ya shimizi?"

Mama Chiriku akatoka uani akaanza kuanua. Kanuni ilikuwa ya gavana mwenyewe: nguo za watumishi zisionekane kutoka barazani. Gavana alipoondoka, hakuna aliyekumbuka kuifuta, na Mkuu wa makumbusho alipoikuta aliiona ni usafi. Basi kila walipokuja wageni, Mama Chiriku aliingiza nguo mbichi chumbani, akazitundika juu ya kitanda cha Bibi kwa kuwa ndiko kulikokuwa na misumari. Nguo zikamdondoshea mtoto, mtoto akakohoa, kiberiti kikalowa. Alikuwa ameolewa humo kwa furaha, na furaha ilikuwepo bado. Ila bati, mungu wangu, bati! Angepata mtu wa kuwabadilishia bati tu, asingeomba kingine.


Mmoja wa wageni wa siku hiyo alikuwa msanii. Mwanamke kijana, mzaliwa wa nchi hiyo hiyo lakini aliyekulia kwenye nyumba zenye mageti, mpole wa sauti, mwenye viatu vya ngozi vilivyofanywa makusudi vionekane vimechakaa. Makumbusho yalimwalika aweke kazi yake ya sanaa pale jumbani ili, kwa maneno yake mwenyewe, "jumba lijibiwe". Alipotea akitafuta choo, akasukuma mlango uliokuwa wazi nusu, na shimizi bichi la Mama Chiriku likampiga usoni.

"Samahani, dada! Ee jamani, samahani sana!" Mama Chiriku alilichomoa akalificha mgongoni, aibu ikimchemka masikioni. "Choo cha wageni kiko mbele, kile cha marumaru. Hiki cha huku ni chetu sisi, hakifai."

"Mbona mnaanika ndani?"

Kabla mama hajapata uongo mzuri, Chiriku alikwisha jibu.

"Gavana hataki kuziona."

"Gavana yupi, mwanangu?"

"Yule wa mlangoni. Hana miguu lakini anaona."

Mama Chiriku alicheka kwa kuficha aibu. Msanii hakucheka. Alichutama mbele ya mtoto, macho yamemjaa maji, akasema, "Rudia tena, taratibu," kama mtu aliyeokota kito njiani na anaogopa kukishika.

Kesho yake alirudi, na kesho kutwa. Aliwaeleza mpango wake akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, maana kiti kilikuwa kimoja na alimkatalia Bibi kuinuka. Kamba ya uani, alisema, ataitoa nyuma na kuipeleka mbele. Bustani yote itafungwa kamba kutoka barazani hadi langoni, nguo za watumishi zitundikwe humo zipepee, na kamba moja izungushwe shingoni mwa gavana wa shaba. Waheshimiwa watakaopita itawabidi wainame chini ya nguo za wafuaji wao.

"Muda wote huu mmefichwa," alisema. "Sasa watawatazama."

"Watatutazama tukiwa tumevaa, au nguo peke yake?" aliuliza Bibi.

Msanii akacheka, akamshika Bibi goti. Bibi alimpenda.

Usiku ule mtunza bustani hakuzungumzia sanaa. "Huyo anakula meza moja na Mkuu," alimwambia mkewe. "Neno lake moja ni bati jipya. Mimi nimekwenda ofisini kila mvua, nimesimama mlangoni mpaka nimekuwa kama kitasa. Yeye akifungua mdomo tu, mafundi wanakuja. Kesho akikuwashia kile kidude cha kunasa sauti, usione haya. Tia chumvi."

"Nikitia chumvi si nitakuwa mwongo?"

"Utakuwa mama mwenye bati."


Kidude chenyewe kilikuwa kidogo, kama kipande cha sabuni kilichobaki. Msanii alikiweka kitandani kwa Bibi, akamwomba Mama Chiriku aeleze tu maisha ya humo, kwa maneno yake.

Alianza kwa kigugumizi. Maji yanapita pale. Ukungu unarudi hata tukiusugua. Kisha alimwona msanii anatikisa kichwa kwa uchungu, na ule uchungu ukamtia moyo. Ulimi ukalainika.

"Hapa si mahali pa mtu kuishi," alisema. "Hata mbuzi ukimfungia humu, asubuhi utamkuta amekufa miguu juu. Mwanangu anakohoa mpaka anatapika damu." Damu haikuwepo, lakini alimwona msanii anafumba macho, akaiacha. "Mama mkwe wangu mifupa imemwoza ndani ya nyama. Sisi ni kama watu waliozikwa kabla ya kufa. Yeyote atakayetutoa humu, huyo atakuwa ametuokoa, na Mungu atamlipa."

Sentensi ile ya mwisho ilimjia pale pale. Hakuwa ameipanga. Ilimnogea kinywani, na kwa muda mfupi alijiona hodari, mtu ambaye angeweza kusimama mbele ya watu akasema wakamsikia. Msanii alizima kidude, akamkumbatia.

Alipotoka, Bibi, aliyekuwa amekaa muda wote na mgongo wake umenyooka, alisema, "Umekitukana chumba changu mbele ya mgeni."

"Nimetia chumvi kidogo, mama. Ili watuezekee."

"Kidogo? Umemwaga gunia zima." Akakunja shuka la bluu pembe kwa pembe. "Mimi nilizaliwa humu. Nimeoza wapi? Nionyeshe."

Lakini hasira ya Bibi haikudumu, kwa sababu wiki ile ile msanii alimwomba uso wake wa kutengenezea sanamu. Alimpaka mafuta mazito kutoka kwenye nywele hadi shingoni, akampachika mirija miwili puani apumulie, akammwagia plasta nyeupe. Bibi alilala tuli kwenye mkeka uani. Chiriku alichutama kando akimsimulia kila kinachotokea, "sasa huna macho, sasa huna mdomo, Bibi, sasa wewe ni uji," mpaka tumbo la Bibi likatikisika kwa kicheko na msanii akamsihi mtoto anyamaze, plasta isije ikapasuka. Baadaye wakafanya na mikono.

"Na mtaniweka wapi?" Bibi aliuliza akijifuta.

"Mahali ambapo kila mgeni ni lazima akuone."

"Basi mniinue kidogo kuliko yule wa shaba. Baba yangu alimpikia, mimi nimemfuta vumbi. Sitaki anitazame kutoka juu."

Kwa siku kadhaa Bibi alitembea uani kama mtu aliyetangazwa. Alimwambia hata mlinzi wa lango: yeye naye atasimama mlangoni.


Mkuu aliwaita mume na mke pamoja. Hilo pekee lilitosha kuwapa matumaini, kwani mambo ya kufukuzana huitwa mume peke yake. Mama Chiriku alivaa gauni lake la kutokea. Ofisini palikuwa na viti viwili mbele ya meza, na kila kimoja kilikuwa na mafaili juu yake; hakuna aliyeyaondoa. Walisimama.

"Kwanza niwapongeze," Mkuu alisema. Alikuwa mtu wa tai hata siku za joto, na alipozungumza na wafanyakazi wa chini aliivuta vuta kama kamba ya kengele. "Mmekuwa na ujasiri. Sisi ofisi hatukujua mnaishi katika hali ile."

"Bosi," mtunza bustani alisema, "kila mvua mimi huja hapa kuomba bati."

"Kuomba ni kuomba. Hatukujua." Akabonyeza simu yake, na sauti ya Mama Chiriku ikajaa chumba, nyembamba na yenye machozi kuliko alivyoikumbuka. *Hapa si mahali pa mtu kuishi.* Wakaisikiliza hadi mwisho. *Atakuwa ametuokoa.* "Hii sauti ni ya nani?"

"Yangu, bosi."

"Hakuna aliyekulazimisha?"

"Hakuna."

"Bodi yote imeisikia. Mama mmoja alitoka nje kulia. Basi tumeamua kwa kauli moja: hakuna binadamu atakayelala tena katika chumba kile. Aibu hiyo imekwisha." Alitabasamu, akangoja washukuru.

Mtunza bustani alikuwa mwepesi wa kutii kuliko wa kuelewa; alikwisha sema "ahsante, bosi" kabla maneno hayajamwingia. Mkewe ndiye aliyeuliza.

"Sasa sisi tutalala wapi?"

"Popote mpendapo. Mko huru. Chumba kitakuwa sehemu ya kazi ya sanaa. Muwe mmetoka kabla ya uzinduzi, na kitanda mkiache, msanii anakihitaji. Kile cha chuma. Na shuka."

"Bosi, mimi nilisema vile ili mtuwekee bati."

"Bati litawekwa. Fundi anaanza kesho kutwa."

"Basi likiwekwa, panakuwa pakavu, sisi tuna—"

"Linawekwa kwa sababu ya mitambo ya sauti, mama. Mitambo haitaki maji."

Mtunza bustani alikuwa ameinamisha uso, anayatazama mafaili yaliyokalia viti. "Bosi, mama yangu amezaliwa pale," alisema.

"Na kazi yako ipo pale pale," Mkuu akajibu kwa upole. "Hilo usiwe na wasiwasi nalo. Isipokuwa kama unaona kazi bila chumba haikufai. Vijana wa kukata nyasi wapo wengi, nao wana kwao."


Walirudi nyuma ya jumba. Mtunza bustani akachukua mkasi wake akaenda kukata ua ambao alikuwa ameukata jana. Mama Chiriku hakuingia ndani. Alipita mbele, mahali asipopaswa kupita, akamkuta msanii amepanda ngazi anafunga kamba ya kwanza kwenye nguzo ya baraza.

"Dada, wanatutoa."

"Nimesikia leo asubuhi." Msanii alishuka mbio, akamshika mikono yote miwili. "Sikuwaomba hivyo. Niamini. Nilitaka chumba kionekane tu, watu wapite mlangoni."

"Basi waambie. Wewe wanakusikiliza. Waambie nilitia chumvi, damu haipo, mtoto ni kikohozi tu cha mvua."

Mikono ya msanii ililegea ndani ya mikono yake.

"Ulitia chumvi?"

"Kidogo."

"Lakini ile ndiyo moyo wa kazi yote." Aliitazama kamba, akaitazama ngazi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo Mama Chiriku alilolisumbukia sana baadaye, kwamba hakupata hata mtu mbaya wa kumchukia. "Nitazungumza na Mkuu. Nakuahidi. Ila, dada, nisikilize na mimi. Mkikaa mle, watu wataona chumba chenu. Mkitoka, wataona historia."

"Sisi tukibaki tu watu wanaolala mle, kuna ubaya gani?"

Msanii aliivuta kamba kidogo. Kisha, kwa sauti ya chini ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, akauliza kama angeweza kupewa nguo chache zaidi za zamani, hasa lile shimizi la siku ya kwanza, maana asingeweza kupata jingine lenye viraka vya kweli.

Mama Chiriku alimpa. Alikwisha zoea kutoa anachoombwa na watu wa mbele. Mkono ulitangulia, akili ikafuata nyuma ikihema. Kama msanii alizungumza na Mkuu au hakuzungumza, hawakupata kujua.


Bibi hakupiga kelele. Alingoja hadi vyombo vikawa kwenye toroli, mafundi wakiwa juu wanabandua bati la zamani na jua likiingia chumbani kwa mara ya kwanza tangu kijengwe. Alikaa kwenye kitanda cha chuma katikati ya mwanga ule.

"Mama, twende," mwanawe alimwomba. "Tumepata chumba. Ni kidogo, lakini tutabanana."

"Nitalala wapi humo?"

Mtunza bustani aliinama akakaza kamba ya toroli. Walikwisha kipima kile chumba kwa macho, yeye na mkewe. Kilikuwa na nafasi ya mkeka mmoja.

"Basi nitakwenda kwa dada yako." Dada huyo alikaa mji mwingine, na mumewe hakuwahi kumpenda Bibi. "Ataniweka jikoni. Huko nako nitamwomba mkeo aje anisemee niongezewe makaa."

"Mama, nisamehe," Mama Chiriku alisema. Alikuwa ameketi chini kwenye vumbi la bati, amemshika mtoto. "Nilitafuta bati. Nilikuwa nawatafutia nyinyi wawili bati."

Bibi alimtazama, na sauti yake haikuwa na ukali wowote, ndiyo maana ilichoma.

"Gavana alikuwa mkatili, baba yangu alikuwa akitusimulia. Lakini hakunitoa humu. Umenitoa wewe."

Akainuka. Akajaribu kulikunja shuka la bluu, kijana anayemsaidia msanii akamwambia kwa adabu, shikamoo bibi, hilo linabaki. Akaliachia. Aliondoka na kifurushi kimoja mkononi na viatu vyake, akipita mlango wa nyuma, na alipofika kwenye kona ya ua hakugeuka, ingawa Chiriku alikuwa akiita.

Chumba kipya kilikuwa katika nyumba ya wapangaji, mlango wa tatu kutoka kisimani. Kilikuwa na sakafu ya saruji na ukuta mkavu, na ukweli lazima usemwe: kikohozi kilipungua. Kufikia mwisho wa mwezi mtoto alilala usiku kucha bila kukatika usingizi. Hakuna aliyethubutu kufurahi. Mtunza bustani alikula akiutazama mlango na kwenda kazini alfajiri. Alipomsemesha mkewe alimwita "wewe". Mama Chiriku alifua, na huko alikuwa na ruhusa ya kuanika popote, juani, mbele za watu, na kila alipobana nguo kambani alihisi macho mgongoni.

Chiriku alikuwa na swali moja. Bibi yuko wapi? Amesafiri. Atarudi lini? Karibuni. Nani anamkanda miguu? Hapo mama alijifanya hakusikia.


Kadi ya mwaliko ililetwa kwa mkono na kijana wa msanii: *Familia*. Mama Chiriku aliiweka dirishani, akaitazama siku tatu. Mumewe asingekuwa pamoja nao; aliagizwa asimame njiani na toroli lake, sare mpya, asisalimie mpaka asalimiwe. Angeweza kutokwenda. Lakini moyoni mwake, chini kabisa, alibaki na tumaini moja ambalo hata kulitamka aliona haya: waheshimiwa watakapoona, wataguswa, mmoja wao atauliza walioishi hapa wako wapi, na yeye atakuwepo pale pale kujibu. Atasema wazi, bila chumvi safari hii. Na Bibi atarudishwa kwake. Alimvisha mtoto soksi nyeupe.

"Wafanyakazi nyuma," mlinzi alimwambia langoni. Alimwonyesha kadi. Mlinzi aliigeuza huku na huku. "Basi pita, ila kaa pembeni."

Bustani ilikuwa nzuri, hawezi kusema uongo. Kamba zilikatiza kutoka kila upande, na nguo zilipepea, mashati, aproni, nepi, suruali za kaki, mamia, kiasi kwamba jumba lenyewe lilionekana limefukiwa na dobi. Shingo ya gavana ilikuwa imefungwa. Watu wenye glasi mkononi walipita wakiinama na kucheka kwa kunong'ona. Karibu na sanamu, peke yake, lilitundikwa lile shimizi la Mama Chiriku. Mwanamke mmoja mwenye pete nyingi alikuwa amekishika kiraka cha kifuani kwa vidole viwili.

"Hili ndilo limeniua," alimwambia mwenzake. "Angalia uzi. Hata uzi wa rangi yake hakuwa nao."

Mama Chiriku alivuta kola ya gauni lake, akamshika mtoto mkono wakapita haraka. Njiani alimwona mumewe kando ya toroli, ametazama mbele, mgeni mmoja akijipiga picha naye. Hakuwaita.

Nyuma, watu waliingizwa chumbani kwa makundi. Pembeni mwa mlango palikuwa na kibao: *Chumba cha mtumishi. Wakazi hawajulikani.* Alikisoma mara mbili. Mkuu alikuwa mlangoni, tai mpya, mgeni rasmi ubavuni mwake. Macho ya Mkuu yalimwangukia Mama Chiriku, yakamtambua, na kichwa kikatikisika kidogo sana, upande hadi upande. Hapana. Kidole kilikwenda mdomoni kana kwamba kinakuna sharubu.

Mama Chiriku na mtoto waliingia wakiwa wa mwisho. Ndani palikuwa na taa moja hafifu, na bati jipya halikuruhusu tone. Ukungu wa kijani ulikuwa umeachwa, umepakwa dawa usipotee. Kisha ukuta ukaanza kusema.

*Hapa si mahali pa mtu kuishi...*

"Mtumishi wa enzi zile," Mkuu alimnong'oneza mgeni rasmi. "Kumbukumbu za simulizi."

"Enzi za ukatili," mgeni rasmi alisema, akavua miwani akaifuta. "Tushukuru zimepita."

Msanii alikuwa amesimama kwenye kona, mikono kifuani, anasikiliza na machozi yanamtiririka. Alimwona Mama Chiriku na akamtabasamia kwa upendo, kama watu wanaogawana siri tamu. Sasa ndiyo saa yake. Mgeni rasmi alikuwa hatua moja mbele yake. Angeweza kumgusa mkono. Mama Chiriku alifungua mdomo. *Sisi ni kama watu waliozikwa,* sauti yake ikasema kutoka ukutani, nzuri, yenye uhodari, na yeye aliyesimama pale na gauni lake la kutokea hakuwa na sauti nyingine ya kushindana nayo. Aliwaza sare mpya ya mumewe, kule njiani. Akafunga mdomo.

Hakuhisi mkono mdogo ukichomoka katika mkono wake.

Mbele, nyuma ya kamba nyekundu, palikuwa na kitanda cha chuma. Juu yake, chini ya shuka la bluu, alilala mwanamke mzee, amefumba macho, uso umepakwa rangi ya ngozi, mkono mmoja nje ya shuka. Ulikuwa uso wa Bibi, kila kunyanzi lake. Chiriku, ambaye tangu waingie hakuwa ametoa neno, alipita chini ya kamba.

"We mtoto!" mlinzi alifoka. "Toka huko!"

Watu wakageuka. Mtunza bustani hakuwepo, Mkuu alikunja uso, mama alikuwa amekauka kama nguo. Mtoto alipanda kitandani na soksi zake nyeupe, akajilaza upande wake wa ukutani, akaushika ule mkono wa baridi akaukanda, akangoja. Ukuta ulifika mwisho wa maneno yake, ukanyamaza kabla ya kuanza upya, na katika kimya kile kila mtu chumbani alimsikia akisema kwa sauti kubwa:

"Bibi, amka, tumekuja kukuchukua."